Jukwaa la mbao kwenye mwalo: shajara ya ujenzi, Jinja

Hii ni kazi ya jukwaa, benchi na njia ya mbao kwenye mwalo mmoja (ufuo wa kutia mitumbwi) wa Ziwa Viktoria, upande wa Masese, ambako akina mama wanauza mukene, yaani dagaa wa ziwani, na abiria wa mitumbwi husubiri wakiwa wamesimama matopeni. Mimi ni seremala, mkazi wa Walukuba. Naongeza sehemu kila hatua inapoisha. Aliye Majanji, Kisumu au Mwanza na ana ufuo kama wetu achukue anachotaka, ila asome kwanza palipoharibika. Fedha zote ni shilingi za Uganda.

24 Agosti 2024: Kupima maji kabla ya kupima mbao

Kazi ya kwanza haikuhitaji msumeno. Tulizunguka ufuo pamoja na Mzee wa mitumbwi, nitamwita hivyo kwa sababu ndiye anayeunda mitumbwi hapa tangu sijazaliwa. Akatuonyesha maji yalipofika mwezi wa Mei mwaka huu: mstari wa matope kwenye ukuta wa kibanda cha chai, juu kidogo ya goti langu. Leo maji yamerudi nyuma hatua ishirini na kitu, na mgeni akija ataapa kwamba pale ni nchi kavu tangu Adamu.

Ziwa hili halina maji kupwa na maji kujaa ya kila siku kama bahari ya Mombasa. Lenyewe hujaa kwa miaka na hukauka kwa miaka. Kwenye kipimo cha Jinja lilifika mita 13.41 Mei 1964, na wazee wakawa wanahesabu matukio kwa mafuriko yale. Mwaka 2020 likapita alama hiyo, Mei 2024 likapita tena. Katikati, mwaka 2006, lilishuka hadi mitumbwi ikabaki kwenye tope. Ukijenga gati la kimo kimoja, basi umejengea mwaka mmoja.

Tulihamisha ule mstari wa matope hadi kwenye shina la mwembe kwa mpira wa maji (bomba laini la kupimia usawa), tukapigilia msumari. Vimo vyote vya kazi hii vinapimwa kutoka kwenye msumari huo. Sakafu ya jukwaa itakaa sentimita 40 juu yake.

Karatasi za kibali zilitula miezi miwili. Kanuni za mazingira za Uganda za mwaka 2000 zinalinda mita 200 za ufuo wa Ziwa Viktoria, kwa hiyo huwezi kuamka tu ukachimba. Ofisa aliyekuja kuangalia alisema jambo moja lililotupa mchoro mzima: hataki zege, hataki kifusi, anataka kitu kinachoweza kung'olewa. Nilikuwa nimeshasoma kwamba njia ya kwanza ya mbao pale Atlantic City, Marekani, mwaka 1870, ilikuwa ya upana wa futi 8 na ilijengwa vipande vipande, ikifunguliwa na kuwekwa ghalani wakati wa baridi. Wao walikimbia mawimbi ya baridi, sisi tunakimbia ziwa linalopanda. Shida ni ile ile.

Kwa hiyo sakafu yote ni vipande vya mita 2.4 kwa 1.2. Vijana wameviita "milango", kwa sababu watu wanne wanakibeba kama wanavyobeba mlango wa mvule. Milango 12 ni jukwaa chini ya mwembe, milango 5 ni njia inayoingia majini. Jumla 17, yote ya kipimo kimoja, wowote unakaa popote.

Gharama: usafiri, nakala, michoro na ada, 185,000.

21 Septemba 2024: Mbao gani

Hapa tuligombana kama watu wa ukoo mmoja wanaogawana shamba.

Kuna waliotaka nguzo zilizotiwa dawa, zile za kijani za umeme. Ile dawa ni shaba, kromiamu na aseniki. Inafanya kazi, sibishi. Lakini hapa mukene utamwagwa sakafuni iwe tumeruhusu au hatukuruhusu, na kila kipande cha mbao kinachobaki mwaloni huishia chini ya sufuria. Marekani wenyewe waliacha kuuza mbao za dawa hiyo kwa matumizi ya nyumbani mwishoni mwa 2003. Mama mmoja akiwasha moto kwa vipande vyangu, moshi ule utaingia kwenye chakula cha watoto. Nikakataa.

Paini bila dawa ni mkate kwa kuvu. Tuliiacha.

Mvule tuliutaka sote. Busoga ilikuwa nchi ya mvule, sasa ukiuona umesimama ni kaburini au karibu na kanisa. Mpya ni ghali, na karatasi zake mara nyingi zina maelezo marefu kuliko mti wenyewe. Tukabahatika: duka kuukuu mjini lilikuwa linabomolewa, tukanunua boriti 22 za dari, kavu kuliko kitu chochote utakachopata yadi. Hizi ni za benchi na vishikio tu, yaani pale mwili wa mtu unapogusa.

Nguzo ni mugavu, mti mgumu wa huku. Hili ni la Mzee wa mitumbwi, na aliniambia kwa sauti ya mtu anayechoka kufundisha: "Fundi, wewe unasoma simu. Tazama basi chini ya mtumbwi." Mbao za chini za mitumbwi yake nyingi ni mugavu. Sharti lake ni moja: moyo wa mti peke yake, ule wa kahawia. Ile nyeupe ya nje ichongwe yote, hata kama nguzo inabaki nyembamba.

Sakafu ni kalitunsi, yaani mkaratusi. Inakua haraka, inapatikana, na mlango ukioza tunatengeneza mwingine. Sikuona sababu ya kutandika mvule chini ya magamba ya samaki.

Gharama: kalitunsi 6×2 za futi 14, mbao 100 kwa 18,000, jumla 1,800,000. Mvule 22 kwa 45,000, jumla 990,000. Nguzo za mugavu 30 kwa 35,000, jumla 1,050,000. Tunahitaji 27, tatu ni za akiba.

19 Oktoba 2024: Kosa la kwanza, na ni langu

Kalitunsi ilitoka kwenye msumeno wiki ile ile. Ukiikamata mkono unalowa. Nilijua, lakini akina mama walikuwa wameshachanga pesa na walitaka kuona kitu. Nikapigilia milango miwili ya majaribio, nafasi ya milimita 6 kati ya ubao na ubao, tukaiweka chini ya mwembe. Watu wakapiga picha.

Wiki tatu baadaye nafasi zile zilikuwa milimita 15 na nyingine zinakaribia 20. Kidole cha mtoto kinaingia, ncha ya fimbo ya mzee inaingia. Mbao nne zimejikunja kama vigae. Mbili zimepasuka kuanzia kwenye ncha hadi kwenye msumari. Hajati, ambaye ndiye mweka hazina wa wachuuzi, alipita, akatazama, akasema tu, "Mwanangu, hizi mbao zimefunga safari?" Akaenda zake. Ningependa angenitukana.

Kilichotokea ni hiki. Ubao wa inchi 6 wa kalitunsi ukikauka unapoteza zaidi ya sentimita moja ya upana. Na haupungui sawasawa: kufuata miviringo ya mti unapungua karibu mara mbili ya unavyopungua kutoka moyoni kwenda kwenye gome. Ndiyo maana unajikunja. Msumari nao unaushika pande mbili, ubao unataka kupungua, hauna pa kwenda, unapasuka.

Tumeng'oa yote. Mbao 11 hazifai tena, 198,000 zimekwenda.

Marekebisho, kwa anayetaka kuiga:

Mbao zimepangwa kivulini nyuma ya kibanda, juu ya matofali, na kati ya kila safu kuna vijiti vya inchi moja vilivyosimama mstari mmoja juu hadi chini. Vijiti vikipishana, ubao unachukua umbo la mpishano huo. Ncha zote tumepaka rangi ya mafuta iliyobaki kazi nyingine, kwa sababu maji hutoka kwenye ncha upesi kuliko ubavuni, na hapo ndipo mipasuko inaanzia. Juu tumeweka mabati na mawe.

Kujua zimekauka hatuna mashine. Nimekata kipande cha sentimita 60, nimekipaka rangi ncha zote mbili, na kila Jumamosi Hajati anakipima kwenye mizani yake ya mukene. Leo kina uzito wa kilo 4.3. Kikikaa wiki tatu bila kushuka, tunaanza. Hajati ameweka daftari na anaandika mwenyewe, hamwamini mtu.

25 Januari 2025: Kilo 2.6, na nguzo zinasimama

Kipande kimesimama kwenye kilo 2.6 kwa wiki tatu. Miezi mitatu ya kungoja, watu walishaanza kusema seremala amekula hela. Mbao zikakatwa vipande vya mita 1.2, kumi na sita kwa kila mlango, nafasi milimita 6.

Jambo dogo ambalo wengi wanapuuza: tazama ncha ya ubao kabla ya kuulaza. Ile miviringo ikae kama bakuli lililofunguka juu. Ubao ukijikunja tena, utainuka katikati kama mgongo wa kobe na maji yatateremka. Ukiulaza kinyume umetengeneza hodhi.

Mvule ulitutesa kwa namna yake. Boriti kuukuu zina misumari iliyokatika ndani, huioni. Randa ya mashine iligonga mmoja, visu vyote viwili vikapata pengo. Na mvule wenyewe una mawe: chokaa inayoganda ndani ya mti, ngumu kama jiwe kweli, inaua makali ya msumeno. Vumbi lake likamvimbisha macho kijana wangu wa kazi, akakohoa siku mbili. Sasa tunapitisha sumaku ya spika kuukuu juu ya kila boriti kabla ya kuiranda, na kila mtu amefunga kitambaa cha maana, si kile cha kujionyesha.

Sasa nguzo. Kabla ya kusimamisha chochote nilimwomba Mzee ruhusa ya kung'oa kigingi kimoja kuukuu cha kufungia mitumbwi. Tulikivuta watu sita. Kilichokuwa kimezama ndani ya tope kilitoka kigumu, patasi inadunda. Juu kabisa, kwenye jua, kimekuwa kijivu lakini kizima. Katikati, kama mkono mmoja kuanzia pale maji yanapogusa na kuachia, niliingiza kidole hadi kwenye kifundo.

Kuvu anayeozesha mbao anataka maji na hewa kwa pamoja. Ndani ya tope hana hewa, juani hana maji. Kwenye mstari wa maji anapata vyote, na hivyo hivyo kwenye kola ya zege: watu wanazungushia nguzo zege wakidhani wanailinda, kumbe wamejenga kikombe kinachoshika maji mguuni pake. Nimeng'oa nguzo za watu za namna hiyo Mombasa na hapa, zote zimeoza sentimita chache usawa wa zege.

Kwa hiyo nguzo 17 za nchi kavu zimevalishwa viatu vya chuma vilivyochomelewa hapa hapa Masese, vimesimama juu ya mawe bapa yaliyozikwa, na mguu wa mbao uko sentimita 10 juu ya ardhi. Chini ya nguzo unaona mwanga. Mchwa akitaka kupanda lazima ajenge njia yake juu ya chuma kilicho wazi, na tutaiona.

Nguzo 10 za majini zimepigiliwa kwa gogo, mita moja na nusu ndani ya tope.

Gharama: boriti za kubeba milango, 24 kwa 20,000, jumla 480,000. Viatu 17 kwa 20,000, jumla 340,000. Visu vya randa (80,000 ni vile vilivyovunjwa na msumari), biti za keekee na msasa, 215,000.

17 Machi 2025: Wadudu wa mbalamwezi

Ni Ramadhani, tunaanza kazi mara baada ya Alfajiri na kuacha saa sita. Polepole, lakini kazi ya asubuhi inakuwa safi zaidi.

Jana usiku, siku mbili baada ya mwezi kuwa mpevu, nilikuwa mwaloni baada ya tarawehe kuangalia vifaa. Kwenye taa ya kibanda kukaja kundi la wadudu wa rangi ya maziwa, mabawa mapana, mikia mirefu. Nikadhani kumbikumbi. Mzee akacheka. "Hao ndio wanaokula nguzo zako."

Nilikuwa nimetamba kwamba hapa tuna raha. Baharini kuna mnyoo wa jamii ya chaza anayetoboa mbao mpaka jahazi linakuwa kama sega la asali, ndiyo maana pwani wanachoma chini ya vyombo na kuvipaka mafuta na chokaa. Mnyoo yule anataka chumvi, Ziwa Viktoria halina. Nikamaliza hesabu hapo. Kumbe maji baridi yana wake. Jina lake la kisayansi ni *Povilla adusta*. Mtoto wake anaishi majini, anachimba kishimo chenye umbo la herufi U ndani ya mbao au bua la mafunjo, anakipaka utando kama hariri, anakaa humo akichuja chakula kutoka kwenye maji. Mbao kwake ni nyumba. Akikua anatoka usiku, anataga, anafa kabla ya asubuhi. Miaka ya 1950 watafiti waliomchunguza katika ziwa hili waliandika kwamba anatoka kwa wingi karibu siku ya pili baada ya mwezi mpevu, jambo ambalo Mzee amelijua bila kuandika.

Asubuhi nikarudi kwenye kile kigingi tulichokiweka kando Januari. Sehemu iliyokuwa chini ya maji lakini juu ya tope ina matundu ya unene wa penseli. Nilikuwa nimeyaona nikayaita matundu ya misumari. Kuona siyo kutazama, ndiyo shida yangu kwenye ukurasa huu wote.

Mugavu ni mgumu, atapata taabu, lakini sitaki kubahatisha. Tumechagua kuvalisha kila nguzo ya majini soksi: kipande cha bomba nene jeusi la maji, tunalipitisha juu ya nguzo, linazama sentimita 30 kwenye tope na kuishia juu ya mstari wa Mei 2024. Nafasi kati ya bomba na mbao tumeijaza mchanga. Mdudu hapati mbao, na ule mstari wa maji na hewa unapungukiwa hewa. Juu ya soksi, nguzo imechongwa paa la mteremko na kufunikwa kipande cha bati ili mvua isiingie kutoka kwenye ncha.

Sipendi plastiki ziwani. Nimeridhika nayo kwa sababu ni nzito, haimeguki, na nguzo ikitolewa na yenyewe inatoka nzima.

Gharama: mabomba yaliyotumika, vipande 10 kwa 30,000, jumla 300,000.

5 Aprili 2025: Gauni la Idi

Benchi za mvule zilikuwa tayari siku tatu kabla ya Idi, na wachuuzi walitaka zing'ae. Mimi nilitaka kuziacha zilivyo. Wakanishinda, na kwa aibu nakiri kwamba nilichagua njia rahisi: oili chafu ya gari, ile tunayopaka kenchi na papi ili mchwa asikaribie. Zikawa nyeusi, nzuri, zimekauka kwa mkono.

Zimekauka kwa mkono asubuhi. Jua la saa nane likaitoa oili yote juu. Siku ya Idi Hajati alikuja na gauni la kijani ambalo nadhani liligharimu kuliko benchi, akakaa, akainuka na mistari mitatu mieusi nyuma, sawa kabisa na nafasi za mbao zangu. Hakusema kitu siku ile, ilikuwa Idi. Alisema kesho yake.

Kuna ubaya mkubwa kuliko gauni. Mvua ya jioni ile iliosha sehemu ya oili na nikaona rangi ya upinde kwenye maji chini ya benchi ya mwisho. Oili iliyokwisha kazi ina vyuma na uchafu wa injini. Juu ya dari labda, juu ya ziwa tunalokunywa hapana.

Kuitoa: magadi yaliyoyeyushwa kwenye maji moto, brashi ya kufulia, mara tatu, na maji machafu tumeyakusanya kwenye karai na kuyamwaga mbali na ufuo. Kisha randa ya mkono, tukaondoa karibu milimita mbili. Ndani mvule ulikuwa safi, haukunywa sana. Tumeuacha mtupu. Utageuka kijivu kwa jua, kama milango ya zamani, na kijivu hicho ni ngozi tu, chini yake mbao ni ile ile. Kingo zote zimeviringishwa kwa msasa ili maji yasikae na nguo isikwame.

Gharama: oili na magadi 70,000. Gauni ni deni langu, haliandikwi hapa.

24 Mei 2025: Misumari, na mwizi

Mambo mawili ya chuma.

La kwanza, parafujo za njano za dukani. Zinaonekana kama zimetiwa zinki, na zimetiwa kweli, utando mwembamba kama pumzi. Baada ya wiki sita za mvua zilikuwa nyekundu, na kila moja imechora machozi meusi kwenye kalitunsi. Weusi huo siyo uchafu: mti una asidi ya tanini, ikikutana na chuma inatoa kitu kama wino. Wakati huo huo tanini inakula chuma. Kichwa cha parafujo kimoja kilikatika chini ya bisibisi yangu. Tumezitoa zote, 120,000 zimepotea, na kuweka bolti zilizochovywa kwenye zinki ya moto, zile zenye uso mkwaruzo na rangi ya kijivu kibovu. Ukiona bolti inang'aa kama pete, mwachie muuzaji.

La pili, usiku wa kuamkia Jumatano bolti 20 za milango zilifunguliwa na kuondoka. Chuma chakavu kina bei, na nati iliyokazwa na seremala inafunguliwa na yeyote mwenye spana. Ushauri wa kwanza ulikuwa tuponde ncha ya kila bolti kwa nyundo ili nati isitoke. Nikafanya kwenye nguzo na boriti. Lakini kwenye milango haiwezekani, maana mlango usiofunguka ziwa likipanda ni ukuta tu.

Tulikaa chini ya mwembe saa nzima na jibu likatoka kwa kijana wangu wa kazi, si kwangu. Mlango hauna haja ya chuma. Sasa kila mlango una vigingi vinne vya mugavu, vinene kama dole gumba, vinapita kwenye masikio ya boriti na kubanwa kwa kabari ndogo. Nyundo ya mbao, mapigo mawili, mlango uko huru. Hakuna anayenunua vigingi kwa kilo.

Gharama: bolti 104 kwa 5,000, jumla 520,000. Parafujo zilizotupwa 120,000. Bolti badala ya zilizoibwa 100,000.

19 Julai 2025: Watu wamelikalia

Nilichora benchi zikitazama ziwa. Upepo, machweo, mitumbwi ikija. Wachuuzi wanakaa kinyume chake, miguu nyuma ya benchi, wanatazama njia, kwa sababu mteja anakuja na njia. Wanaotazama ziwa ni vijana wawili wawili jioni. Nimeondoa egemeo kwenye benchi nne kati ya sita ili mtu akae upande autakao, na mbili nimewaachia vijana.

Sakafu inateleza. Mbao iliyolowa maji peke yake ni salama, iliyolowa maji na ute wa samaki ni sabuni. Nilijaribu kuchonga mifereji kwenye mlango mmoja: ikajaa magamba kwa siku mbili na kunuka kwa tatu. Sasa kwenye njia ya mteremko, ambayo ni sentimita 1 ya kupanda kwa kila 12 za kwenda ili baiskeli na kiti cha magurudumu vipite, kuna papi nyembamba kila sentimita 40 upande mmoja tu, upande wa pili mtupu kwa ajili ya magurudumu. Jukwaani wanasugua kwa mchanga na ufagio wa njiti kila Ijumaa. Imetosha.

Na mukene. Nilisema sakafu itamwagiwa mukene iwe tumeruhusu au hapana. Wiki ya kwanza kavu, milango minane kati ya kumi na miwili ilifunikwa mukene, inang'aa kama fedha: mbao ni safi, ina joto, hewa inapita chini, mukene unakauka bila mchanga. Abiria wakarudi kusimama matopeni. Kukawa na maneno. Wengine wakataka tuweke bango la kukataza.

Badala ya bango tumetengeneza milango mitatu ya ziada kutoka kwenye mbao zilizobaki, fremu tupu ya kipimo kile kile yenye wavu badala ya mbao, imesimama kwenye miguu hadi kiunoni. Mukene umepanda huko, unakauka upesi zaidi kwa sababu upepo unaupiga juu na chini. Hajati anatoza shilingi 1,000 kwa siku kwa kila fremu, za matengenezo. Daftari ni lile lile la mizani.

Gharama: wavu na vijiti 140,000. Ujira wa mafundi na vibarua tangu mwanzo 2,900,000. Jumla ya kazi yote 9,210,000. Katika hizo, 568,000 ni makosa: mbao mbichi, parafujo, oili, bolti zilizoibwa, visu vya randa. Siku za kazi zilizopotea sikuzihesabu, ningelia.

16 Agosti 2025: Kisiwa

Juzi usiku upepo ulileta kisiwa cha mafunjo kinachoelea, kikubwa kama uwanja wa netiboli, na magugumaji pembeni. Watu wa Jinja tunavijua, Aprili 2020 kimoja kiliingia kwenye mitambo ya bwawa na nchi nzima ikakaa gizani. Hiki kilikuja taratibu, mlinzi akapiga kelele, watu saba wakang'oa vigingi na kubeba milango minne ya njia kabla hakijafika. Wa tano haukuwahi. Kisiwa kiliuinua pamoja na nguzo zake mbili, kikazivunja juu tu ya soksi.

Jana asubuhi kikapasuliwa kwa mapanga na kusukumwa. Nguzo mbili za akiba zimepigiliwa, zimebaki moja. Mlango tumeuokota ukielea mita hamsini, kigingi kimoja hakipo, mbao zote zipo. Saa kumi jioni abiria wa mtumbwi wa mwisho walipita juu yake. Kazi hiyo imekula 60,000 za ujira, kutoka kwenye kisanduku cha Hajati, na haimo kwenye jumla ya juu.

Kabla ya mvua za Novemba: kununua nguzo tatu za mugavu za akiba, kuchonga vigingi thelathini, na kuinua bomba la nguzo ya nne kutoka mwisho, ambalo limezama sentimita kumi na mbili na sijui bado kama ni tope au ni mimi niliyelipima vibaya.